Maji yenye harufu Nairobi: uchemshe, uchuje, au ununue ya mtungi?

Nilipohamia nyumba niliyokaa miaka mitatu upande wa Embakasi, chai ndiyo iliyonipa habari za maji kabla ya jirani yeyote. Ilikuwa na utelezi ulimini na ladha ya magadi, kama mtu aliyechota maji ya kuchemshia mboga akayatia kwenye birika. Mtoto wangu alikuwa na miaka minne, akawa anaacha kikombe nusu kila asubuhi. Nikaenda mjini kwenye duka la filta. Kijana aliyenihudumia alikuwa na adabu zake, akanishikisha silinda nyeupe na kuniambia, "Mama, hii inatoa kila kitu." Nikalipa, fundi akaja akafunga, na chai ikabaki na magadi yake.

Ile filta haikuwa mbovu. Ilikuwa filta ya kaboni, na kaboni haishiki magadi yaliyokwisha yeyuka majini. Kama shida ingekuwa harufu ya klorini au ya tope, ingenisaidia siku ile ile. Nilinunua dawa kabla ya kuujua ugonjwa, na pesa hizo sikuzipata tena. Tangu hapo, jirani akiniuliza filta gani ni nzuri, mimi nami humuuliza: maji yako yananuka nini?

Basi ulinganisho huu nimeupanga kwa harufu. Bei za vifaa hubadilika kila mwezi, na aina ya filta haikwambii lolote mpaka ujue inakwenda kupambana na nini.

Nusa kwanza, na unuse vizuri

Chukua chupa ya kioo isiyo na harufu ya soda wala ya mafuta. Jaza nusu, ziba mdomo kwa kiganja kilichooshwa, tikisa mara kadhaa, kisha ondoka jikoni. Nenda sebuleni au kwenye kibaraza ndipo unuse. Watu wengi wanaolalamika kwamba maji yao yana uvundo, kinachonuka ni bomba la sinki lililoshika mabaki ya vyakula. Maji yenyewe hayana kosa.

Fanya hivyo kwa maji ya mahali patatu kama unaweza: pale yanapoingilia kwenye ploti kabla ya kufika kwenye tangi, pale yanapotoka kwenye tangi la juu, na kwenye mfereji wa jikoni. Harufu ikianza mahali pa pili, tatizo ni tangi lenu. Ikianza mahali pa tatu, angalia mabomba ya nyumba. Ikiwapo tangu mwanzo, inatoka kwenye chanzo. Kipimo hiki hakina gharama, na kimeokoa familia mbili ninazozijua zisinunue filta wakati kilichohitajika ni brashi ya kusugulia tangi.

Kama harufu haisikiki sawasawa, pasha maji yawe vuguvugu ukiwa umefunika, halafu funua na unuse papo hapo. Joto huitoa harufu mafichoni.

Harufu ya Jik: kusubiri, ndimu, au filta

Hii ndiyo harufu ya klorini, na ndiyo inayolalamikiwa sana na watu wa maji ya mfereji. Ni vyema ieleweke kabla ya kuiondoa. Klorini huachwa majini kwa makusudi ili iendelee kuua vijidudu njiani, kutoka kwenye mtambo hadi kwenye kikombe chako. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 5 kwa lita, lakini pua na ulimi wa watu wengi huitambua ikiwa hata haijafika miligramu 1. Kwa hiyo maji yanaweza kunuka Jik na yakawa salama kabisa.

Ukiniuliza mimi, hapa usinunue chochote kwanza. Mimina maji ya kunywa kwenye sufuria pana, funika kwa kitambaa safi chepesi, yaache hadi asubuhi. Klorini ni gesi iliyoyeyuka. Hutoka yenyewe, na hutoka haraka zaidi ukiyamimina maji kutoka chombo hadi chombo. Ndimu nayo inafanya kazi, tena si kwa kufunika ladha tu: vitamini C huivunja klorini pale pale. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu kinatosha lita moja ya maji ya mfereji ya kawaida. Kuchemsha pia huiondoa, ila kuchoma gesi kwa ajili ya klorini peke yake ni hasara.

Filta ya kaboni ndiyo ya haraka kuliko zote. Maji yanapita na harufu imekwisha. Lakini hapa pana jambo linalonitia wasiwasi kila nikilifikiria: ukishaitoa klorini, umemwondoa mlinzi. Maji hayo yakikaa siku mbili kwenye mtungi usiofunikwa, mtoto akichovya kikombe chenye mkono mchafu, hakuna kinachozuia tena. Mwaka 2017 kipindupindu kilifika hadi kwenye mikutano ya watu wenye suti jijini humu, na kuanzia mwishoni mwa 2022 kikarudi. Kwa hiyo itoe klorini kwenye maji ya kunywa leo, yale ya leo tu. Yanayohifadhiwa, yaache yanuke.

Kama unaweka dawa mwenyewe, kwa mfano tembe ya dawa ya klorini ya miligramu 67 kwa mtungi wa lita 20, subiri nusu saa kabla ya kuanza kutafuta namna ya kuondoa harufu. Ukichuja mapema, unakuwa umeitoa dawa kabla haijafanya kazi.

Harufu ya udongo au tope: hapa ndipo kaboni inapostahili pesa yako

Maji mengi ya mfereji Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, lililokamilika mwaka 1994, lenye nafasi ya meta za ujazo milioni 70. Mengine hutoka Sasumua na Ruiru, na kiasi kidogo chemchemi za Kikuyu. Maji ya bwawa hukaa wazi juani, na popote duniani maji yakikaa hivyo, mwani wa kijani-samawati na bakteria wa udongo huweza kutengeneza kemikali iitwayo jiosmini. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1965 kutoka Kigiriki, maana yake harufu ya udongo. Unaijua tayari. Ndiyo harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi, na ndiyo ladha ya tope ya kambare aliyefugwa kwenye kidimbwi.

Pua ya binadamu huinasa jiosmini ikiwa nanogramu 10 kwa lita, na pua kali hata chini ya hapo. Kiwango hicho ni kidogo mno. Ukipiga hesabu, gramu 700 za jiosmini, hata kilo moja ya sukari haijafika, zingetosha kulitia harufu bwawa zima la Ndakaini likiwa limejaa pomoni. Kwa kiasi hicho haijulikani kumdhuru mtu. Lakini ndiyo inayomfanya mtu amwage maji safi na kwenda kununua ya mkokoteni ambayo hajui yalikotoka, na hapo ndipo madhara yanapoingia.

Tulinganishe basi. Kusubiri usiku kucha hakusaidii, kwa kuwa jiosmini haiachi maji kirahisi kama klorini. Klorini yenyewe haiivunji. Shabu, ile ya kusafishia maji ya tope, huangusha chembe chini na kuacha maji meupe yenye harufu ile ile. Mbegu za mlonge vivyo hivyo, na zaidi ya hapo maji ya mlonge yakilala huanza kunuka yenyewe kwa sababu ya mabaki ya mbegu. Kuchemsha? Mwanzoni huongeza harufu, maana mvuke huibeba hadi puani. Ukichemsha muda mrefu bila kifuniko itapungua, lakini utakuwa umechoma gesi nyingi na kupunguza maji. Bibi yangu aliyekuwa Pwani alifukiza mtungi wa udongo kwa ubani, na maji yale yalinyweka vizuri ajabu. Ila ubani uliifunika harufu, haukuitoa.

Kaboni huitoa. Mkaa wa filta hutengenezwa mara nyingi kwa vifuu vya nazi, huchomwa kisha hupitishiwa mvuke kwenye joto kali sana hadi uwe na vitundu visivyohesabika. Gramu moja tu ina nyuso za ndani za mita za mraba 500 hadi zaidi ya 1,000, yaani uwanja wa basketboli na ziada ndani ya punje chache. Jiosmini hunata humo. Makaa ya jiko hayakupitia kazi hiyo. Nimewaona watu wakitia makaa ya gunia kwenye ndoo. Wanapata vumbi jeusi na nafuu kidogo sana. Msifanye hivyo.

Kati ya filta za kaboni zenyewe, tofauti kubwa ni muda. Maji yanayopita mbio hayapati nafasi ya kugusana na mkaa. Jagi lenye punje za kaboni ni rahisi na halihitaji fundi, linamfaa mpangaji anayehama-hama, lakini kaboni yake ni chache na huchoka upesi. Ile ya kufungwa chini ya sinki, yenye bonge la kaboni lililoshindiliwa, hushika harufu vizuri zaidi, mradi ufungue mfereji taratibu. Ila inahitaji presha. Kama tangi lenu liko ghorofa ya juu na wewe uko ghorofa moja chini yake, maji yatadondoka kama machozi. Kwa nyumba za namna hiyo mimi huchagua filta ya kumimina juu, yenye mshumaa wa kauri na kaboni ndani. Ni ya polepole, na upolepole huo ndio unaoifaa kaboni. Kauri nayo huzuia vijidudu vingi, jambo ambalo kaboni peke yake haifanyi. Mshumaa wa kauri usio na kaboni ndani hautatoa harufu hata ukiwa wa bei gani, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Andika tarehe kwenye filta kwa kalamu ya wino siku unapoifunga. Kaboni iliyojaa haikupigii kengele, na ile inayochelewa kubadilishwa hugeuka makao ya bakteria. Ukianza kusikia Jik tena kwenye maji yaliyochujwa, imekwisha muda. Na kwa harufu ya tope huisha mapema kuliko hapo, kwa kuwa uchafu mwingine wa majini hugombania vitundu vile vile.

Kampuni ya maji nayo ina machaguo yake, makubwa kuliko ya kwetu: kuchota maji kwenye kina kingine cha bwawa, kumwaga unga wa kaboni kabla ya kuchuja, au kutumia ozoni. Mtambo wa kawaida wa shabu, matangi ya kutuamisha, mchanga na klorini huondoa tope na vijidudu vizuri sana, lakini haukuundwa kwa ajili ya jiosmini. Mwananchi mmoja hawezi kuchagua hayo, ila anaweza kupeleka malalamiko akiwa na maneno sahihi: "maji yananuka udongo tangu yanapoingia kwenye mita" ni habari inayomfaa fundi kuliko "maji ni mabaya".

Kuchemsha dhidi ya kuchuja: gesi inasemaje

Nyumba nyingi huchemsha kila siku na kudhani ni bure kwa sababu hawakununua kifaa. Nilipiga hesabu. Kuchemsha mtungi wa lita 20 kwenye meko ya kawaida hula kama gramu 270 za gesi, ukihesabu kwamba nusu ya moto hupotelea hewani. Mtungi wa gesi wa kilo 6 basi huchemsha mitungi 22 hivi ya maji. Familia inayokunywa lita 10 kwa siku inamaliza gesi hiyo kwa mwezi mmoja na nusu, kwa maji ya kunywa peke yake, kabla hujapika hata ugali.

Hata hivyo sitamwambia mtu aache kuchemsha. Kinachofanywa na kuchemsha ni kuua vijidudu, na katika hilo hakuna filta ya bei nafuu inayokaribia uhakika wake. Nairobi iko juu, maji huchemkia kwenye nyuzijoto 94 au 95 hivi badala ya 100, na bado inatosha: yakitokota kwa nguvu dakika moja, yatoshe. Kuyaacha dakika ishirini ni kuunguza pesa.

Ninachosema ni kwamba kuchemsha ni kwa usalama na kaboni ni kwa ladha, na mtu asichanganye kazi hizo. Ukihitaji zote mbili, chuja kwanza kisha chemsha. Hivyo harufu haitoki na mvuke kujaza nyumba, wala vijidudu vya kwenye filta havifiki kikombeni. Maji yaliyochemshwa huwa mafu mdomoni kwa sababu hewa imetoka. Yamimine mara tano au sita kutoka jagi hadi jagi, yatachangamka. Na kama unatumia jiko la makaa, funika sufuria vizuri, maana moshi hunata kwenye maji na hakuna namna rahisi ya kuutoa.

Maji ya kisima kirefu: kaboni inarudi nyuma

Ploti nyingi sasa hutegemea kisima cha kuchimbwa kwa mashine kwa sababu ya mgao. Harufu na ladha zake ni za ukoo mwingine kabisa, na hapa ndipo nilipopoteza pesa zangu.

Harufu ya yai viza ni gesi ya salfa. Kama inatoka kwenye maji moto tu, tatizo liko ndani ya hita yenye tangi. Kisima chenu hakina kosa. Kama iko kwenye maji baridi pia, dawa ya kwanza ni hewa. Yamimine maji kutoka juu kwenda chombo kingine mara kadhaa, nje au dirishani. Kwa ploti nzima, mwenye nyumba anaweza kufanya maji yaingie kwenye tangi kwa kunyunyiza kama bafu badala ya kuingia kwa bomba lililozama. Ni kazi ndogo ya fundi, na hewa hufanya sehemu kubwa bila gharama ya kila mwezi. Kinachobaki humalizwa na klorini. Kaboni inaweza kushika gesi hii pia, lakini hujaa upesi mno.

Ladha ya chuma, kama umelamba msumari, hujionyesha kwenye chai ya rangi. Majani ya chai yakikutana na madini ya chuma, chai hugeuka nyeusi kama wino wa shule. Nguo nyeupe nazo huota madoa ya kahawia. Madini ya chuma huanza kusumbua yanapopita miligramu 0.3 kwa lita. Hapa pia hewa hushinda kaboni: changamsha maji, yaache yalale, asubuhi utaona mashapo mekundu chini, teka ya juu taratibu na kuyapitisha kwenye kitambaa kizito. Ukiyapeleka moja kwa moja kwenye filta ya kaboni, kutu itaiziba kabla hujafurahi.

Kisha magadi na chumvi. Maji mengi ya chini ya ardhi Nairobi yamepita kwenye miamba ya volkeno na kubeba magadi; utayajua kwa utelezi, unaoga na unahisi sabuni haijatoka. Hewa haitoi magadi. Kaboni haitoi. Kuchemsha kunayazidisha, maana maji yanapungua na magadi yanabaki. Kinachoweza ni mashine ya osmosi kinyume, ile wauzaji wanayoiita RO, inayoyasukuma maji kwenye utando unaopitisha maji na kuzuia karibu kila kilichoyeyuka. Au kuchanganya na maji ya mvua au ya kaunti, jambo ambalo ploti yenye matangi mawili inaweza kulifanya bila mashine yoyote.

Na hapa sitapita haraka. Miamba hiyo hiyo hutoa floraidi. Haina harufu, haina ladha, haina rangi. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima kadhaa vya Nairobi vinapita hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo miaka ambayo meno ya ukubwani yanajengeka ufizini, hadi umri wa miaka minane hivi, anaweza kuota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosuguliwa yakatoka. Filta ya kaboni itayafanya maji hayo yawe matamu, na floraidi itabaki ilivyo. Kuchemsha kutaiongeza. Inayofaa ni osmosi kinyume, au filta ya mkaa wa mifupa, au ya alumina, yaani punje za madini ya alumini. Kama unategemea kisima na una watoto wadogo, pesa yako ya kwanza isiende kwenye filta. Iende kwenye maabara kupima floraidi, au mwombe mwenye ploti akuonyeshe cheti cha kipimo cha kisima chake. Mimi nilikiomba nikiwa nimechelewa miezi minane. Nilipokiona niliacha kabisa kumpa mtoto maji yale ya kunywa.

Mashine nyumbani au mtungi wa kujaza dukani?

Kwa mtu wa maji ya chumvi, magadi au floraidi, chaguo hubaki kati ya haya mawili.

Mashine ya nyumbani inakupa uhakika, kwa kuwa unajua utando ulibadilishwa lini. Lakini kwa kila lita moja safi, mashine nyingi ndogo humwaga lita tatu au nne. Kwenye jiji la mgao hilo ni zito. Lita 10 za kunywa kwa siku zinadai lita 40 au 50 za kuingia. Kama siku hizo unanunua kwa mkokoteni, utajuta. Angalau ziada hiyo ikingwe kwa ajili ya choo na kupiga deki. Mashine pia inataka umeme au presha nzuri, na filta ya kaboni mbele yake, kwa sababu klorini huharibu utando. Maji yake huwa mepesi mno mdomoni, hayana madini. Wengine huyapenda, wengine huona yamepooza.

Mtungi wa kujaza ni rahisi kuanza nao. Unalipa kidogo kidogo, na duka moja linahudumia mtaa mzima kwa mashine moja. Udhaifu wake ni kwamba unamwamini mtu. Angalia kama ana kibali na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, angalia kama anaosha mtungi mbele yako au anaufuta tu mdomoni. Mitungi inayoanikwa juani nje ya duka huyapa maji ladha ya plastiki. Mtungi uliowahi kubeba mafuta ya kupikia hausafishiki, usijaribu.

Kwa familia ya watu wawili, ningenunua ya kujaza. Kuanzia watu watano wenye kisima cha floraidi na mkataba wa kukaa muda mrefu, ningefunga mashine. Na kwa wanaopata maji ya kaunti yenye harufu ya Jik au udongo tu, vyote viwili ni kutumia nyundo kuua mbu. Filta ya kaboni inatosha.

Tangi, ambalo hakuna anayeliangalia

Maji yakiingia mazuri na kutoka na harufu ya majani yaliyooza, pandeni juu. Tangi la rangi nyepesi hupitisha mwanga na mwani huota ndani, jeusi huzuia. Kifuniko kilichopasuka huingiza ndege na vumbi. Limwageni, lisugueni, lijazeni, kisha kwa kila lita 1,000 wekeni kama lita moja na nusu ya dawa ya klorini isiyo na manukato yenye nguvu ya asilimia 3.5. Ikae usiku mzima, majirani wote wakijua kwamba maji hayo hayanywewi wala hayapikiwi. Asubuhi mwageni kupitia mifereji yote, halafu suuzeni. Tangi jipya la plastiki nalo hunuka wiki za mwanzo. Lijazwe na kumwagwa mara mbili tatu kabla ya kulitumia.

Baada ya siku za mgao, maji ya kwanza hubeba kutu na mashapo yaliyotikiswa bombani. Yaache yapite, ya kupigia deki, ndipo ujaze ya kunywa.

Harufu moja isiyo na chaguo

Maji yakinuka choo, ulinganisho unaishia hapo. Mahali ambapo mabomba ya plastiki yamepita kwenye mitaro, presha ikishuka wakati wa mgao, maji machafu hunyonywa ndani kupitia nyufa. Ndiyo maana sehemu za Kibera walianza kupitisha mabomba juu kwenye nguzo. Kaboni inaweza kukutolea harufu hiyo na kukuachia ugonjwa wenyewe, na hapo filta inakuwa hatari kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu pua haikuonyi tena. Usichuje. Usinywe, usioshee mboga, waambie majirani wote hata usiowafahamu, piga simu kwa kampuni ya maji, na tafuta maji ya mahali pengine hadi bomba lirekebishwe.

Na kwa anayetafuta nyumba sasa hivi: kabla ya kulipa dipositi, mwombe msimamizi wa ploti maji kwenye chupa ya kioo, "Mzee, nisaidie na maji kidogo ya mfereji wa jikoni," umuulize ni ya kaunti au ya kisima. Nenda nayo nyumbani. Tikisa, nusa, kisha pika nayo chai ya rangi, uiweke kando ya chai ya maji unayoyazoea. Onja zote mbili kabla ya kutia sukari.